Kimo cha Kichanja

Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa mbishi, na ubishi wake ulifika hadi kwenye vipimo: futi kamba hakuwa nayo na hakuitaka. Mteja akihitaji mlango, fundi alimsimamisha kando ya bomba, akaweka alama ya chaki usawa wa utosi, akaongeza kidogo, basi, kazi ikaanza. Na tusimsingizie, milango yake haikuwahi kumgonga mtu kichwa.

Kwa hiyo binti yake alipopiga simu kwamba anakuja, baada ya miaka na miaka, fundi hakuhangaika. Uani palikuwa na mzabibu uliojitambalia chini ovyo, bila mwenyewe. Aliupanda kwa sababu ya huyo binti, enzi hizo mtoto, aliyetaka achume zabibu kwa mkono wake, asichumiwe na mtu. Kisha wakubwa wakagombana. Mama akamchukua mtoto akarudi kwao, na fundi akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga kwa wakwe. Kiapo gani hicho, jamani! Alikishika, na hamu ya mtoto ikamla kimyakimya, chakula hakipandi, nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi.

Sasa alitaka kitu kimoja tu: binti akija, achume mwenyewe. Akachagua upande wenye jua wa kuujengea mzabibu kichanja, mbele ya dirisha la chumba alichokuwa akilala mtoto. Akachimba mashimo, akasimamisha nguzo za bomba, akamwaga zege, akachomelea bomba za juu, akapitisha waya na kuukaza. Kimo? Alijigusa kifuani, pale utosi wa mtoto ulipoishia akimkumbatia, akaongeza urefu wa mkono mdogo ulionyooshwa.

Jirani aliyekuja kuazima nyundo alikizunguka kichanja, akauliza kama humo atafuga mbuzi. Fundi akampa nyundo na kumwonyesha njia. Mtu hashauriki huyu. Akauinua mzabibu tawi kwa tawi, akaufunga kwenye waya kwa vipande vya kitambaa, taratibu, akiogopa kuuumiza.

Binti akaja mchana, vichala vimeshaiva. Mwanamke mzima, mrefu kumpita mama yake, mkoba begani. Akamwamkia baba yake vizuri, wakaulizana habari za safari. Fundi, asijue mikono aiweke wapi, akamtangulia uani. Binti alipoona zabibu akacheka, akaharakisha kuingia chini ya majani, na bomba likamgonga paji la uso.

Hapo ndipo fundi alipomwona. Masikini, alikuwa amemjengea mtu mwingine kabisa. Alimtaka yule wa kifuani, akamtaka kwa uchungu, na huku mwanawe amesimama mbele yake akijipapasa uvimbe. Akaanza kubabaika kwamba ataziinua bomba zote, kesho asubuhi, ni kukata na kuchomelea tu. Binti akamwambia aache, atainama.

"Nisamehe, mwanangu," fundi akasema. "Nilikuwa namngoja yule mdogo."

Binti alishika waya.

"Yule mdogo naye alikungoja, baba. Shule ikifungwa alikuwa anapanga nguo zake kwenye begi, anakaa getini kwa babu mpaka giza linaingia."