Kuupa Mlima Mgongo

Asubuhi ile mlima Nyiragongo ulivua kofia yake ya mawingu bila taarifa, na Bashige, mchoraji aliyekuwa ameapa kutoutazama, akageuka. Alibaki ameduwaa, brashi mkononi, kinywa wazi, mtu mzima wa miaka hamsini na ushee. Mlima ulisimama mzima juu ya Goma, kilele kikifuka moshi mwembamba, ubavu wake ukiwa na zambarau ambayo hakuna duka linaloiuza. "Yesu Maria," alisema, kama anavyosema kila mara, na kila mara huwa anamaanisha.

Ndiyo yaliyompata tangu ujana. Baba yake, karani aliyehamia kutoka Bukavu, alimtafutia kiti ofisini. Kijana akakikalia juma moja, akauona mlima dirishani, akatoka, hakurudi. Tangu hapo maisha yake yakawa turubai, kiti cha kukunja na mikebe ya rangi, kutoka ziwa la Lac Vert hadi mashamba ya Kibumba. Sharti lake lilikuwa moja tu: picha haimaliziwi nyumbani. Inaanzia nje na inaishia nje, mbele ya kitu chenyewe, mvua ipende isipende. Watu wakamjua. Hotelini, sebuleni kwa daktari, ofisini kwa paroko, kote mlima wa Bashige umetundikwa, umejaa adhama, na chini yake migomba na maua. Maua hayo, tuseme ukweli, mengi aliyapanda mwenyewe kwa brashi. Pale alipoyapanda palikuwa na mawe ya lava tu, na nani hapa Goma huyatazama mawe ya lava? Tunajengea kuta, tunayakanyaga, yanatumalizia viatu, basi.

Siku chache kabla ya asubuhi ile alikuwa amekuja kwake Mama Asma, mjane wa Swedi, dereva wa lori wa njia ya Bunagana. Nyumba yake ya Buhene ilifunikwa na lava Jumamosi ile ya mwezi wa tano mlima ulipolipuka: nyumba, ua, picha za harusi, vyote. Tangu hapo alijibanza kwa ndugu yake mjini, na sasa binti yake, Shida, alikuwa amemwita wakaishi pamoja huko mbali Kindu. Alikuwa aondoke Ijumaa.

"Papa Bashige, unichoree kwangu," alisema. "Sitaki kufika Kindu kama mutu asiye na kwao."

"Mama, mimi nachora ninachokiona. Nyumba haiko tena."

"Basi uende uone pale ilikuwa. Mimi nilijaribu. Nilisimama pembeni, majirani watatu wakanionyesha mahali patatu. Nilirudi nikilia."

Angekataaje? Alikwenda Buhene kesho yake, pale majirani walipoonyesha, akaimaliza picha kabla jua halijawa kali, akajipongeza. Mlima ulitoka vizuri ajabu. Chini, katikati ya mawe, palikuwa na shimo jeusi la mviringo lililomharibia mandhari, naye akalifunika kwa kichaka cha maua mekundu. Mama Asma alipopelekewa picha, aliitazama kona hadi kona.

"Huu mlima ni muzuri sana, papa," alisema taratibu. "Lakini mlima hata Kindu nitauona nikifumba macho. Na haya maua? Sikuwa na maua mimi. Kwangu ni wapi hapa?"

Maneno hayo yalimchoma. Jioni mkewe, Louise, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, hakumwonea haya. "Umechora mlima tena, sivyo? Mama wa watu anakuomba kwake, unamupa mlima! Siku moja uupe mgongo, tuone kama utaanguka."

Ndiyo maana asubuhi ile, aliporudi Buhene mara ya pili, alikuwa ameapa kutoutazama mlima. Akajibandua kwa shida, akakigeuza kiti, akaupa mlima mgongo. Mbele yake palikuwa na weusi mtupu. Alikaa akiutazama bila hamu, akimlaani Louise kimoyomoyo, na alikuwa karibu kufungasha vitu vyake jua lilipopanda kidogo na kulala juu ya mawe.

Jamani! Mawe hayakuwa meusi. Yalikuwa na buluu ya shingo ya njiwa, na kahawia ya kahawa, na penye nyufa palikuwa na wekundu uliojificha. Lava ilikuwa imelala mikunjo kwa mikunjo, kama uji uliopoa sufuriani. Ukoga wa kijivu ulikuwa umeanza kuyavika mawe, na makangaga machanga, mabichi mno, yalichungulia kutoka pasipo na udongo hata wa kujaza kijiko. Mlima ule ule alioupenda ulikuwa umeshuka hadi miguuni pake, naye alikuwa akiufukia kwa maua ya uongo miaka yote. Bashige aliona haya, na aliona furaha, na machozi yakamlengalenga. Alichora jiwe kwa jiwe, bila kuongeza wala kuficha. Hata lile shimo alilichora.

Mama Asma alikuja jua likiwa utosini, kama walivyopatana, ili picha imalizikie pale pale. Aliitazama turubai, akatazama mawe, akarudi kwenye turubai.

"Hii shimo iko wapi?"

"Ile pale, mama. Mara ya kwanza niliificha."

Alikwenda, akapiga magoti, akatumbukiza mkono hadi begani. Bashige akapiga kelele kwamba huenda mna nyoka. Mama Asma alikaa vile, shavu juu ya jiwe, akipapasa.

"Kuja, papa. Utie mukono."

Akatia. Kuta za shimo zilikuwa na mikwaruzo na magamba madogo madogo, yamepangana vizuri. Lilikuwa gome la mti. Lava ilikuja ikalikumbatia shina, ikapoa, mti ukaungulia ndani, na gome lake likabaki limeandikwa kwenye jiwe.

"Ni avoka ya Swedi," alisema Mama Asma, akimaanisha mparachichi wa marehemu mumewe. "Alileta mche toka Kibumba, ndani ya kopo ya maziwa, siku Shida alizaliwa. Ee, vile tuligombana! Nilimwambia, mwanaume wewe, mti gani huu unaupanda kwenye mulango?" Akacheka, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

Kisha kicheko kikakatika. Aliinuka, akaegemeza kiganja hewani, pale shina lilipokuwa, kama mtu aliyetoka sokoni akapumzika kidogo kabla ya kuingia. Akageuka kushoto. Akapiga hatua mbili tatu, akasimama ulipokuwa mlango, akavua ndapala, zile kandambili zake, akaziweka sambamba. Halafu akaingia, miguu mitupu juu ya mawe makali.

Bashige aliinua brashi. "Nikuongezee nyumba kwenye picha?"

"Hapana, papa. Usiongeze kitu." Kisha akamshangaa. "Unabaki inje kwa nini? Karibu."

Nyuma ya Bashige mawingu yalikuwa yameufunua mlima tena. Alijua kwa jinsi mwanga ulivyobadilika juu ya mawe. Hakugeuka. Aliinama, akafungua kamba za viatu, akaviweka kando ya ndapala za mwenye nyumba. Mawe yalimuuma nyayo, yakiwa na joto la jua.

"Nikae upande gani, mama?"