Gerson na wa Ubavuni Wake

Gerson alifariki Jumanne, sokoni Kibaigwa. Aliketi juu ya magunia ya mahindi kumsubiri dereva wa lori, na dereva alipofika hakuinuka. Loisi, mkewe, alikuwa nyumbani Nkuhungu akichambua mlenda simu ilipoita. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Haya," kisha akamalizia kuchambua kwa sababu mboga ilikuwa imebaki kidogo.

Walimzika kijijini Haneti kwa wazazi wake, amevaa suti nyeusi aliyoipiga pasi Loisi mwenyewe. Tangu hapo hakuna aliyemtaja pale nyumbani bila kutanguliza neno "marehemu". Ndiyo adabu, na isitoshe kila mtu anajua kwamba neno hilo ndilo linalomfungia mlango aliyekufa asirudi kuzurura.

DJ Faridi hakulisema. Alikuwa kwao Kondoa kwenye harusi ya dada yake, na habari za msiba hazikumfikia. Jumamosi aliporudi kupiga muziki kwenye baa ya Ludovick, alishika kipaza sauti akawasalimu wateja wa kudumu kama ilivyo desturi yake.

"Gerson wa Kibaigwa na wa ubavuni wake, popote mlipo, njooni tuwaone!"

Gerson akaingia. Akawapa watu mikono, akakaa kwenye stuli yake ya kaunta. Walioikalia kona ile walisogea wakampisha. Kasoro yake ilikuwa ubaridi tu, na hata huo ulikuwa na faida. Umeme ulipokatika, Ludovick alipanga kreti za bia kumzunguka, zikapoa vizuri kuliko kwenye friji.

Habari zilimfikia Loisi kupitia kwa jirani yake Hilda, juu ya ukuta wa uani.

"Shoga, mumeo yupo kwa Ludovick."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Na muziki anacheza."

"Amevaa ile suti?"

"Wala. Shati la bluu, lina mistari."

Loisi alifikiri. Nguo za Gerson alizifua yeye miaka yote ya ndoa yao, na shati la bluu lenye mistari hakuwahi kulianika.

"Amebadilishia wapi?"

Hilda aliangalia kandambili zake. "Mie sitaki kugombanisha watu na wafu wao," alisema.

Kurudi kwake hakukumuuma Loisi. Kilichomuuma ni kwamba amerudi na hakuja nyumbani. Jioni ile alipakua ugali sahani mbili, akasimama mlangoni, akaita bila kutanguliza lile neno: "Gerson, chakula tayari." Ugali ulipoa polepole, kama ugali wowote.

Jumamosi iliyofuata alivaa gauni lake la kanisani, akajipulizia manukato, akaenda na Hilda kwa Ludovick mapema, kabla watu hawajajaa. Hakuwahi kufika pale. Nyuma ya kaunta, pale Hilda alipoelekeza kidevu, alisimama mwanamke anayeitwa Josephine, akichanganya kokteli: divai ya zabibu, juisi ya ubuyu, tangawizi, na kipande cha limao ukingoni mwa glasi. Josephine hakuwa msichana. Alikuwa mtu mzima wa rika la Loisi, tena mnene kumzidi. Angekuwa binti mdogo, Loisi angejua la kusema.

Alimfuata Faridi kwenye mitambo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe unayemwita mume wangu?"

"Mama, nisamehe, sikujua kama amefariki. Nilimwita kama siku zote."

"Siku zote unamwitaje?"

"Gerson na wa ubavuni wake."

"Na akiitwa hivyo, anayeinuka naye nani?"

Faridi alirekebisha waya ambao haukuwa na tatizo. Jicho lake lilikwenda kaunta likarudi.

"Kumbe baa nzima inajua," Loisi alisema. "Basi leo mwite na mimi. Nitaje kwa jina."

Faridi akapunguza muziki. "Gerson wa Kibaigwa na wa ubavuni wake, Loisi! Popote mlipo!"

Mkono wa Josephine ulisimama juu ya glasi. Gerson aliingia na shati lake la bluu, akatazama huku na huku kama mtu aliyesikia simu ikiita mfukoni mwa mwenzake. Kisha alimwona Loisi. Akaenda mpaka kwenye meza yake, akasimama ameshika mikono mbele, kama wanaume wanavyosimama kwenye nyumba yenye matanga.

"Pole na msiba, mama," alisema.

"Asante," Loisi alijibu. "Nimeshapoa." Ndivyo inavyojibiwa.

Gerson akampa mkono, akarudi kaunta. Josephine akamnyooshea kola.

"Nenda kwenye kipaza sauti," Hilda alimnong'oneza. "Sema marehemu Gerson. Neno moja tu, shoga, mkose wote!"

Ludovick alisikia akaja mbio na kitambaa chake cha kufutia meza. "Mama, tafadhali, umeme wetu huu unaujua wewe mwenyewe."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Loisi alimtazama Gerson akicheka, bega lake likipanda na kushuka vilevile kama zamani, akichekea kitu alichoambiwa na mwanamke mwingine. Akalitafuna lile neno, akalimeza.

Siku hizi Gerson huja kila Jumamosi jua likishazama. Loisi naye huja, hukaa meza ya karibu na spika, na huagiza kokteli kwa sababu Josephine hulazimika kumletea, wala haimalizi. Faridi amerudia salamu zake za zamani. Baa ikifungwa, Gerson na Josephine hushika njia ya juu, na Loisi hushika ya chini.