Selemani Anayekula Nguruwe

Sisi tunaopeleka vyakula kwa pikipiki kule Turffontein tulimwita mwenzetu mmoja Selemani kwa sababu ndivyo simu yake ya kazi ilivyosema. Karatasi zake zilikataliwa, akakodi akaunti ya kazi ya Selemani mwenyewe, mtu wa Tanga mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot. Yeye alikuwa Mkongo, Mkristo wa kanisa hasa. Bakiri, dereva mwenzetu, hakuchoka kumtania.

"Selemani gani wewe unakula nguruwe?"

"Selemani ni ya simu, yaya," anamjibu, kwao yaya ni kaka. "Ya tumbo ni mwengine."

Tunacheka. Huyo mwingine hakuna aliyemuuliza jina, hata mimi mzee wao.

Jumanne gari likamgonga kwenye robot, taa za barabarani, likakimbia. Muuza machungwa wa pale akatuambia ambulansi imembeba, wapi hajui. Tukazima simu wote, jambo ambalo sijapata kuliona katika kazi hii, tukaenda hospitali.

"Jina?" akauliza dada wa mapokezi.

"Selemani."

"Selemani nani?"

Nikamtazama Bakiri. Bakiri akamwambia dada ni Selemani tu.

"Hakuna Selemani hapa, baba."

"Ni Mkongo. Mrefu, ana koti jekundu la kazi."

"Makoti tunawavua mlangoni. Waliokuja bila jina ni wengi, na siwezi kukufungulia wodi ukachague."

Tukampigia Selemani wa Diepsloot.

"Mimi mzima, alhamdulillahi," akasema. "Yule? Mimi namwita Mkongo tu. Na jina langu msilitaje huko, mtanifungishia akaunti."

Tukaenda hospitali nyingine. Getini simu ya Bakiri ilikuwa imeshawashwa.

"Mzee, nikikaa zaidi hawanipi kazi wiki nzima."

Akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu na mlio wake mfukoni. Nikabaki na mlinzi, namweleza koti.

Mpaka leo sijui kama yuko kitandani au wamemzika kwa namba, bila jina.

Ijumaa jina la Selemani likatokea tena kwenye simu zetu, kwamba yuko kazini. Nikakimbilia mlango wa duka la kuku tunapopokelea oda. Nikakuta mtu mwingine, pikipiki nyingine, akaunti ile ile. Nikamshika usukani.

"Jina lako nani?"

"Selemani."

"La kwenu, ndugu yangu. Ulilopewa na mama."

Akatazama nyuma yangu, akitafuta polisi.

"Selemani, mzee."

Simu yake ikalia. Nikamwachia.

"We Selemani," Bakiri akamwita, "nguruwe unakula?"

Wakacheka wote.