Chenga za Shomoro

Mama mkwe alipokuwa hai, kila asubuhi alipeta mchele mlangoni pa uani, na chenga aliwarushia shomoro. "Karibuni wakwe zangu, ila msigombane!" aliwatania. Alipofariki tukaanza kununua mchele wa pakiti, usio na chenga hata moja. Shomoro wakatoweka.

"Mama, wamemfuata bibi?" binti yangu aliniuliza, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake nilinunua mchele wa gunia, nikaushusha ungo wa bibi ukutani. Kupeta sijui. Siku ya tatu bado nilikuwa namwaga nusu ya mchele chini.

"Bibi angekucheka!" alisema binti yangu.

"Acha acheke. Wageni wake wanashiba," nilimjibu kwa kunong'ona, maana shomoro wawili walikuwa wametua karibu na miguu yetu.