Mwanzi Katikati ya Uwanja

Nilifika Santa Brigida na glavu za kazi ndani ya begi, na wiki ya tatu ilipoanza zilikuwa bado zimebanwa na kile kikaratasi cha dukani.

Glavu zilikuwa wazo langu. Mengine yote yalitoka kwa bibi yangu. Nilipomwambia kwamba msichana ninayempenda ni wa mkoani, na kwamba baba yake analima mpunga, aliweka sindano chini akanitazama. Akasema babu yangu alipomposa alichota maji na kupasua kuni nyumbani kwa wazazi wa bibi mpaka mgongo ukamuuma, ndipo siku moja wakamwita mezani wazungumze. "Maua yaache hapa Manila," aliniambia. "Wewe peleka mikono."

Basi nikapeleka mikono. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeitaka.

Asubuhi ya kwanza nilishika shoka. Nanay Coring, mama yake Jovelyn, msichana wangu, alitoka jikoni mbio na mwiko wake. "Acha hiyo, Injinia, utajikata. Njoo unywe kahawa." Kesho yake nilishika ndoo kwenye pampu. Akaja jirani, ambaye wote humwita kwa heshima Nang Sepa, mwenye duka dogo la mbele ya uwanja wa mpira, akaninyang'anya huku anacheka. "Watu wakikuona watasema nini? Kwamba mtaa huu unatesa wageni?" Nikajaribu kufagia ua, ufagio ukafichwa. Nikajaribu kuwalisha nguruwe, nikaambiwa nguruwe hawanijui. Nilikalishwa kwenye kiti pekee chenye mto, nikapakuliwa kipande cha samaki chenye mafuta, feni ikageuziwa upande wangu. Wenyewe walikula nilipokwisha kushiba.

Na Tatay Islaw, baba yake Jovelyn, ambaye ndiye niliyekuja kwa ajili yake, alinisalimu kwa adabu iliyonikosesha raha. "Umelala vizuri, Injinia?" "Umeshiba, Injinia?" Halafu anavaa kofia yake ya majani na kushuka shambani. Siku nilipomfuata alinisubiri juu ya tuta, akanionyesha mlima na mto kama vile nimekuja kupiga picha, kisha akamwita mwenye pikipiki anirudishe kabla jua halijawa kali.

Nikawa natembea. Mji ule unaanzia darajani na kuishia kituo cha mafuta, na mtu asiyetulia huumaliza kabla kahawa yake haijapoa. Niliumaliza, nikarudi, nikaumaliza tena. Kila kibaraza kiliniuliza, "Unakwenda wapi, Injinia?" Nikijibu kwamba natembea tu, nilisikia nyuma yangu mtu akisema, "Maskini." Niliona mtaro uliopasuka karibu na shule, nikauchora upya kichwani. Niliona daraja la watembea kwa miguu lililofungwa kwa kamba za nailoni, nikalichora nalo. Nilitaka kuufaa mji huu kwa hamu iliyoniwasha mwili mzima kama vipele vya joto, na usiku jogoo wa kupigana wa jirani walipowika kabla ya wakati wao, nilikuwa tayari niko macho.

Jioni nilikaa na Jovelyn kwenye benchi la duka la Nang Sepa, tukiacha kati yetu nafasi ya kutosha mtu wa tatu. Tulikuwa tumejuana chuoni. Alipohitimu ualimu alirudi moja kwa moja kufundisha watoto wa kwao, na mimi nilipofaulu mtihani wangu wa uhandisi nikamfuata.

"Mjomba ameandika tena," nikamwambia. Mjomba alikuwa amenishikia nafasi kwenye kampuni ya ujenzi Manila, na alitaka jibu kabla mwezi haujaisha.

"Umemjibu nini?"

"Kwamba namsubiri baba yako."

"Baba hasubiriwi, Rodel. Baba anaangalia."

"Anaangalia nini? Namna ninavyokula?"

Alicheka akiwa amefunika mdomo. "Hata hilo. Anasema unakula polepole kama padri."

"Jov, sema kweli. Nikienda kwa mjomba, utakuja?"

Alikwangua chaki iliyokuwa kwenye kucha yake. "Siolewi kwa kutoroka. Nataka baba aseme ndiyo au hapana, mbele za watu, tujue kama tunalia au tunacheka."

"Na asiposema?"

"Basi utabaki mgeni," akasema. "Mgeni anayependwa sana."

Hicho ndicho nilichokuwa nikikiogopa. Nilijiona nikipendwa vile vile mpaka kituo cha basi, nikipungiwa mikono, nikipewa vitafunio vya njiani.

Wiki ya kuelekea fiesta, sikukuu ya mtakatifu wa mji, mpunga ulikuwa umevunwa na kila mahali penye saruji palianikwa mpunga. Ulijaa pembezoni mwa barabara, ukajaa mbele ya kanisa dogo, ukajaa uwanja wa mpira wa kikapu kutoka goli hadi goli, na vijana waliotaka kucheza wakawa wanakaa chini ya goli na kulalamika. Nusu ya uwanja ilikuwa ya Tatay Islaw. Nusu nyingine ilikuwa ya Nang Sepa, ambaye kila mwaka hupikia mji mzima suman, ule wali wa nazi unaofungwa kwenye majani ya mgomba.

Jumamosi ile familia ilialikwa ubatizo kijiji cha pili. Jovelyn alikuwa shuleni akipaka rangi mapambo ya gwaride. Mimi niliambiwa nipumzike, ingawa sikuwa na kitu cha kunichosha.

"Leo unakwenda wapi, Injinia?" Nang Sepa aliniuliza.

"Sina pa kwenda, Nang."

"Basi kaa hapa kivulini. Nafuata majani ya mgomba kwa dada yangu. Kuku wakija kudonoa mpunga, fukuza. Ukiweza hilo, nitakutafutia mke."

"Mke ninaye, Nang."

"Una msichana. Mke bado. Usijichanganye."

Akaondoka akicheka. Nikabaki nimeduwaa kwa furaha, kwa sababu hatimaye mtu alikuwa amenipa kazi. Nilikimbia ndani nikang'oa kile kikaratasi na kuvaa glavu, kisha nikarudi kufukuza kuku nikiwa nimezivaa.

Mvua ile haikubisha hodi. Mlima ulikuwepo, halafu haukuwepo. Upepo ukaleta harufu ya vumbi lililolowa, mabati ya mbali yakaanza kulia, na uwanja mzima wa mpunga mkavu ulikuwa umelala wazi mbele yangu. Kulikuwa na reki moja ya mbao na turubai moja la buluu. Sikuita mtu wala sikumuuliza mtu. Nilivuta mpunga kutoka goli hili, nikavuta kutoka goli lile, nikisukuma kwa reki, kwa mikono, kwa magoti. Katikati ya uwanja palikuwa na mwanzi mrefu umelala. Nilidhani vijana waliutumia kutungua mpira uliokwama, nikaurusha pembeni. Lundo likawa moja, kubwa, zuri. Nikalifunika, na ili upepo usibebe turubai nikauokota ule mwanzi nikaulaza juu yake. Matone ya kwanza makubwa yaliponipiga shingoni, hakukuwa na punje iliyobaki nje.

Nililowa mpaka kwenye mifupa, na sikumbuki siku niliyokuwa na furaha kuliko ile. Nilisimama kando ya lundo langu kama mlinzi wa benki. Nilitaka waje wote waone.

Wa kwanza kuja alikuwa Nang Sepa, majani ya mgomba kichwani badala ya mwavuli. Alitazama turubai. Alitazama mwanzi juu ya turubai.

Aliinua pembe ya turubai, akachota mpunga, akamenya punje moja kwa meno. Akamenya nyingine. Akaniwekea zote mbili mbele ya uso. Moja ilikuwa nyeupe kama maziwa, nyingine ilipitisha mwanga.

"Hii ni yangu, ya kunata, ya suman," akasema. "Hii ni ya Islaw, ya wali wa kila siku. Mwanzi ulikuwa mpaka."

Mvua ilinipigia ngoma masikioni. "Tunaweza kuzitenganisha, Nang." Tayari kichwani nilikuwa nachora chekecheke.

"Kwa kutumia nini? Sala?"

Mvua ilipopungua watu walikuwa wamejaa barazani mwa kanisa dogo la kando ya uwanja, vijana wa mpira wakiwa mbele. Jovelyn alikuja na rangi nyekundu mpaka viwikoni. Halafu ikafika pikipiki iliyowaleta wazazi wake kutoka ubatizoni, Tatay Islaw akiwa na shati lake jeupe na viatu vinavyong'aa.

Nang Sepa hakupiga kelele. "Islaw," alisema, "nina swali moja tu. Huyu ni mgeni wako au ni mtu wako? Kama ni mgeni, yameisha, mgeni hadaiwi. Nitawalisha watu suman inayovunja meno na nitacheka nao. Kama ni mtu wako, nautaka mpunga wangu wa kunata, wote, kabla ya fiesta."

Watu wote wakamgeukia Tatay Islaw. Mimi nilimtazama Jovelyn, naye alikuwa anatazama miguu ya baba yake. Neno moja la upole lingetosha. Angesema mimi ni mgeni, nami ningesamehewa, ningepewa taulo na chai ya tangawizi, na kesho ningepanda basi.

Tatay Islaw alivua viatu kwanza, akavipanga mahali pakavu. Akatembea peku juu ya saruji yenye maji, akaingiza mkono ndani ya lundo mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Kisha akatazama mikono yangu.

"Hizo ni za nini?"

"Glavu za kazi, Tatay."

"Umewahi kufanyia kazi?"

"Leo, Tatay. Mara ya kwanza."

Mtu barazani alicheka. Yeye hakucheka. Alimgeukia Nang Sepa. "Kaka yangu kule mlimani ana wa kunata. Utapata wako."

"Kule gari halifiki. Nani ataushusha?"

Akachomoza midomo kunielekea, kama watu wa kule wanavyoonyesha kitu bila kusumbua kidole. "Huyo."

"Siku hizi mgeni anabebeshwa gunia?"

"Nani kasema mgeni?"

Alilisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Halafu akanigeukia, na hapo sauti ikapanda.

"Na wewe. Hayo ni macho au matundu? Mwanzi mrefu kama nguzo ya umeme, mtu anauona, anauokota, anaufanya uzito wa turubai. Chuo kizima hawakukufundisha mpaka? Ungeziba masikio ningeelewa, ni mvua. Lakini ukaziba na akili? Kesho jua halijachomoza uwe umesimama mlangoni, na hayo magunia utayabeba wewe, si pikipiki, si mimi. Na usije na hizo glavu, zitakutelezesha. Unanisikia, Toto?"

Toto ndivyo watu wa kule wanavyowaita vijana wa kiume wa nyumba zao wenyewe. Alinigombeza kwa muda mrefu, mbele ya timu ya mpira na akina mama wa kwaya, na neno Injinia halikutoka mdomoni mwake hata mara moja. Nilijitahidi kuinamisha kichwa kama mtu mwenye haya. Jovelyn alikuwa amegeukia ukuta wa kanisa, mabega yanatikisika, na hata alipogeuka sikuweza kujua alikuwa analia au anacheka, kwa kuwa uso wote ulikuwa na rangi nyekundu.

"Islaw, inatosha, usimmalize," akasema Nang Sepa. "Nani atanibebea?"

Jioni ile nilipokaa kwenye kile kiti chenye mto, Nanay Coring aliniambia ninyanyuke, baba amechoka. Feni ilikuwa inamtazama Tatay Islaw. "Sahani ziko rafuni, jichukulie," alisema. "Na ukimaliza, osha." Alikuwa amekoboa kiasi kidogo cha ule mchanganyiko ili auonje. Ulikuwa wali wa ajabu, nusu unashikana, nusu unatawanyika. Tulikula wote kwa pamoja. Tatay Islaw aliongeza mara ya pili, akakunja tonge, akalikagua.

"Wazazi wako wanakula nguruwe?"

"Wanakula, Tatay."

"Basi waje baada ya fiesta, tuzungumze." Akatia tonge mdomoni. Chini ya meza Jovelyn alinikanyaga mguu, na hakuuondoa wake.

Tulipanda mlimani giza likiwa bado limetanda. Tatay Islaw alitangulia, peku, akikata majani yaliyofunga njia. Wakati wa kurudi njia ilikuwa tope tupu, na gunia la mpunga wa kunata lililala begani mwangu kama ng'ombe mgonjwa. Nilikuwa natafuta pa kuweka mguu, huku nikifikiri jinsi mtu anavyoweza kuchimba ngazi hapa, na kupitisha mfereji pale ili maji yasile njia, na kama ningemwambia leo au ningengoja anigombeze mara nyingine kwanza.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nilijua ni mjomba. Ikatetemeka tena, na tena, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika gunia.

"Toto," baba yake Jovelyn aliita kutoka chini, bila kugeuka. "Umelala huko?"

"Nakuja, Tatay," nikasema, nikaongeza mwendo.