Damu ya Chuma

Chuma hakupewa jina hilo bure. Miaka yote aliyopiga dawa kwenye mabanda ya maua, bomba mgongoni, hakuwahi kuumwa hata kichwa. Muuguzi wa shamba alimweleza sababu: ndani ya damu kuna kimeng'enya kinachoidaka sumu kabla haijafika kwenye neva, na yeye alijaliwa nacho tele. Basi kichwa kikamvimba! Ungedhani kimeng'enya hicho amekitengeneza mwenyewe.

Mdogo wake, Kitinda, hakujaliwa hivyo. Kila msimu wapiga dawa walipimwa damu, na ambaye kimeng'enya chake kimeshuka alihamishiwa kufunga maua pamoja na wanawake mpaka kiongezeke tena. Huko wapiga dawa walikuita "kwa mashangazi". Kitinda alishapelekwa huko mara moja, akataniwa hadi akasusa kula.

"Kaka, wakinirudisha kule naacha kazi."

"Acha kudeka. Nipe kofia yako na kitambulisho."

Wapimaji walitoka mjini, sura hawazijui, na ndugu hao walifanana mno. Asubuhi Chuma alipimwa kwa jina lake. Mchana akanyoosha mkono wa pili kwa jina la mdogo wake. Jioni walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Wiki iliyofuata Kitinda alianguka bandani, mate yakimtiririka, mwili ukimtetemeka. Chuma akambeba mbiombio hadi zahanati ya shamba. Muuguzi akafungua majibu ya vipimo.

"Sumu ya dawa? Haiwezekani. Damu yake nzuri sana, sawasawa na yako. Kala nini huyu?"

Chuma akainama kumfuta mdogo wake mate. Akisema ukweli, wote wawili hawana kazi, na mama anawategemea wao tu. Akajidanganya kuwa mdogo wake atapata nafuu. Alaaniwe kwa kungoja kule! Muuguzi akatundika dripu, akatafuta dawa ya tumbo. Kitinda akaanza kukoroma vibaya, midomo ikabadilika rangi.

"Ile damu ni yangu!" Chuma akapiga kelele. "Dada, niliitoa mimi!"

Muuguzi akakimbilia kabati la sindano za kuzuia sumu. Akadunga, akadunga tena. Kisha akapapasa shingo ya Kitinda kutafuta mapigo, akaiweka sindano chini.

"Chukua damu yangu," Chuma akasema, akikunja shati na kunyoosha mkono uleule aliopimwa kwa jina la mdogo wake. "Kimeng'enya ninacho tele, dada. Si ulisema mwenyewe?"