Betri ya Tatu ya Idarusi

Mwatumu fundi aligusisha mita kwenye betri ya pikipiki, akamwambia Idarusi awashe injini na kuvuta mafuta. Betri hiyo ilikuwa ya tatu kufa tangu Ramadhani, na asubuhi ile Idarusi, mbeba samaki wa Pangani, alikuwa amemwita tapeli mbele ya watu rafikiye Lucas, aliyemuuzia betri hizo.

"Kaka, inasoma volti kumi na saba. Haitakiwi kupita kumi na nne na nusu."

"Si ndiyo chaji nyingi hiyo, dada?"

"Na wali ukizidishiwa moto?"

Mwatumu akamwonyesha regulata, kile kidude cha kuzuia umeme usizidi, chini ya tenga la samaki. Maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yamekidondokea mpaka nyaya zake zikaota kutu.

"Hiki ndicho kinachochemsha betri zako. Lucas hana kosa."

"Basi nifungie kipya. Lucas nitampigia simu."

"Kwani ulimtukana kwa simu?"

Idarusi alishusha pumzi. Akaiacha pikipiki pale pale, akavuka barabara kwa miguu kwenda dukani kwa Lucas, ambako walioshuhudia ugomvi walikuwa bado wamekaa barazani.